Kabla Fundi Hajashika Nyundo

Ukitaka kumjua fundi bomba wa kweli, mwite siku ambayo maji yanavuja na hakuna anayejua yanavujia wapi. Bomba lililopasuka uani na kurusha maji juu halimpimi mtu, maana hata mtoto ataona pa kuziba. Kinachompima fundi ni ukuta wa koridoni uliopigwa rangi mara mbili na bado unabanduka. Ni bili inayopanda mwezi hadi mwezi ilhali wakazi wa nyumba ni walewale. Hapo ndipo mafundi wanapoachana njia. Mmoja atauliza nyundo iko wapi. Mwingine ataomba kiti, akae, aanze kuuliza maswali. Namwandikia sifa huyu wa pili, kwa sababu hasifiwi inavyostahili, na tunachomlipa hakilingani na anachokijua.

Nilimwona wa aina hiyo nyumbani kwa shangazi yangu, Kimara, Dar es Salaam. Alikuwa mzee wa makamo, amefuatana na kijana anayemfundisha kazi. Tulipokwisha kuamkiana alisimama koridoni, mbele ya doa la unyevu ukutani, bila kuligusa.

"Mama, hili lilianza lini?"

"Tangu kabla ya Ramadhani, fundi."

"Mvua zikinyesha linazidi?"

"Halina habari na mvua."

"Na mkiwa na wageni, watu wengi wakioga?"

"Lipo vilevile. Hata tuliposafiri tulilikuta limekua."

Akatikisa kichwa, na kwa maswali hayo matatu alikuwa tayari ameshabomoa nusu ya nyumba bila kumwaga vumbi. Doa linaloitikia mvua linatoka kwenye paa, au kwenye ufa wa ukuta wa nje. Linaloongezeka watu wakioga linatoka kwenye bomba la maji machafu, kwa kuwa bomba hilo huwa na maji pale tu mtu anapoyamwaga. Linalokua usiku na mchana, wenyeji wakiwepo na wasipokuwepo, mama yake ni bomba la maji safi, ambalo linabeba shinikizo saa zote ishirini na nne. Fundi aliyemtangulia hakuuliza hata moja. Alivunja vigae vinne bafuni, nyuma ya doa penyewe, akakuta saruji iliyolowa, akaziba, akalipwa, akaenda zake.

Kosa lake linaeleweka, maana macho humpeleka mtu penye unyevu. Lakini maji hufuata mkondo, kama wahenga walivyosema, na mkondo ndani ya nyumba za siku hizi ni jambo lenye mizunguko mingi. Tundu likiwa juu ya ukuta, maji hushuka kwa kuambaa bomba, hufuata mfereji ambao bomba lilichimbiwa, hukutana na kona, hugeuka, kisha plasta huyanyonya na kuyapandisha tena. Mahali yanapojitokeza ni mahali plasta ilipokuwa dhaifu, na pengine pako mbali na tundu. Fundi anayejua hivyo haamini doa. Analichukua kama ushahidi wa awali, kisha anatafuta mwingine.

Ushahidi wa kwanza ulikuwa kwenye mita, na hili mtu yeyote anaweza kulifanya nyumbani kwake leo. Funga koki zote, hakikisha hakuna anayefua wala anayejaza ndoo, kisha nenda kaitazame mita. Mita nyingi za majumbani zina kigurudumu au pembetatu ndogo, mara nyingi nyekundu, inayozunguka hata maji yakiwa yanapita kidogo sana. Kikizunguka wakati koki zote zimefungwa, kuna mahali maji yanakwenda. Kwa shangazi kilikuwa kinazunguka polepole. Mzee akamtuma kijana afunge koki ya kuingizia maji kwenye tangi. Kikasimama. Maana yake bomba la chini ya ardhi, kutoka mitani hadi kwenye tangi, lilikuwa zima, na hatukuwa na haja ya kuchimba ua.

Kisha akaligeukia tangi lenyewe, la lita 1000, lililokaa juu ya mnara wa zege. Halikuwa likifurika. Akapima kwa futi kutoka mdomo wa tangi hadi usawa wa maji, akaandika, akakataza mtu kufungua koki, akakaa chini saa nzima. Nyumba ikaanza kunong'ona. Jirani aliyekuja kuchungulia alisema fundi huyu amekuja kupumzika. Alipopima tena, maji yalikuwa yameshuka sentimita moja. Kwenye tangi la ukubwa ule, sentimita moja ni lita tisa na ushee. Fanya hesabu: zaidi ya lita 220 kwa siku, karibu uniti saba kwa mwezi, kwa kuwa uniti moja ni lita 1000. Ni ndoo mia tatu na zaidi za lita ishirini, zinapita ukutani na kuzama chini ya sakafu, na juu linaonekana doa tu. Wazee waliosema chururu si ndo ndo ndo walijua tofauti ya mtiririko na matone, na hapa tulikuwa na mtiririko uliokuwa ukijifanya matone.

Akabana njia moja baada ya nyingine. Alifunga koki ya jikoni, kiwango kikaendelea kushuka. Kwenye tangi la choo alidondosha rangi ya chakula, akasubiri robo saa na ushee, na sinki likabaki jeupe, kwa hiyo raba ya ndani ilikuwa inashika vizuri. (Choo ndicho mwizi mkimya kuliko wote majumbani, kwa sababu maji yake yanateleza ukingoni bila sauti. Jaribio hili la rangi halina gharama na linafaa kufanywa kila mwaka.) Likabaki bafu.

Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho sitakisahau. Mzee alitoa bisibisi ndefu, akaweka ncha yake kwenye chuma cha koki ya bafu, na mpini wake akauegemeza kwenye mfupa ulio mbele ya sikio. Akafumba macho. "Funga," akamwambia kijana aliyekuwa kwenye koki kuu. Akasubiri. "Fungua." Akasogea kwenye koki ya sinki la kunawia mikono, akarudia. "Funga. Fungua." Akarudi kwenye koki ya bafu, safari hii kwa sikio la pili. Maji yanayotoka kwenye tundu dogo kwa shinikizo hulitetemesha bomba, na mtetemo husafiri vizuri kwenye chuma. Kwenye plastiki hufifia upesi, ndiyo maana alichagua kusikiliza penye vyuma. Alipomaliza aligonga vigae kwa sarafu, kimoja kimoja, akisikiliza mlio, kisha akachora alama ya chaki kwenye kigae kimoja tu. Kilikuwa juu ya doa kwa zaidi ya mita moja, na pembeni.

Alikwaruza saruji ya kwenye maungio kwa kipande cha msumeno wa chuma, akakichomoa kigae kikiwa kizima, akachonga nyuma yake tundu la kutosha mkono. Maji yalikuwapo. Yalitoka kwenye maungio, mahali bomba la chuma la zamani lilipounganishwa na bomba la plastiki wakati nyumba inafanyiwa ukarabati. Chuma hicho hupakwa zinki ili kisipate kutu, lakini fundi anapokikata thredi huondoa zinki na kupunguza unene wa bomba kwa wakati mmoja. Kwa hiyo kutu huanzia kwenye thredi, na maji yenye chumvi kama ya visima vingi vya Pwani huiharakisha.

Kuziba kulichukua muda mfupi kuliko kutafuta. Alikata kipande kilicholiwa na kutu, akasafisha thredi ya kilichobaki, akaifunga tepu kwa kufuata upande ambao kiungio hukazwa, kwa sababu ukiizungusha kinyume, kukaza kwenyewe kunaifungua. Kwenye plastiki alitumia mashine ya kuchomelea, yenye joto la nyuzi 260. Bomba la milimita 20 hukaa kwenye joto hilo sekunde tano tu, kisha husukumwa moja kwa moja bila kupindishwa, na huachwa dakika mbili lipoe. Likikaa zaidi, plastiki hujikunja ndani na kuziba njia ya maji. Likikaa pungufu, kiungio kitashika leo na kuachia baada ya miaka. Na lazima bomba liwe kavu, kwani tone moja la maji hupoza mahali lilipo na kuacha udhaifu usioonekana. Kijana ndiye aliyehesabu sekunde kwa sauti.

Baada ya hapo shangazi alitaka ukuta uzibwe, maana kesho yake kulikuwa na wageni. Mzee akakataa kwa heshima. "Mama, ukuta ulale wazi." Alifungulia maji, akakausha kiungio kwa kitambaa, akakizungushia karatasi ya chooni. Karatasi haifichi kitu. Unyevu kidogo tu unabadilisha rangi yake. Asubuhi ilikuwa kavu, na usawa wa maji tangini ulikuwa palepale ulipoachwa usiku.

Nayasimulia haya kwa urefu kwa sababu naamini tunaiona kazi hii ndogo kuliko ilivyo. Maji yaliyofika Kimara yalichotwa Mto Ruvu, yakasafishwa kwenye mtambo wa Ruvu Juu kule Mlandizi, yakasukumwa kwa pampu kupita Kibaha. Umeme, dawa na jasho vimeshatumika kabla hayajafika kwenye mita. Mwaka 2022 mvua zilipokosekana na kina cha Ruvu kikashuka, Dar es Salaam iliingia kwenye mgao, na kila mwenye nyumba alijifunza thamani ya ndoo moja. Matundu ya ukutani hayakungoja mgao uishe.

Lipo na jambo zito zaidi, ambalo wengi hawalifikirii. Tundu linalotoa maji ndilo tundu linaloweza kuingiza uchafu. Mjini kwetu maji hutoka kwa zamu, na yanapokatika bomba hubaki tupu, wakati mwingine likivuta kutoka nje. Kama bomba lililovuja limepita karibu na chemba au mtaro, linachovuta ndicho kitakachotangulia kutoka bombani maji yakirudi. Katika mji uliopigwa na kipindupindu mwaka 2015, fundi anayeziba maungio chini ya ardhi anafanya kazi ya afya ya jamii, ingawa hakuna anayemwita daktari.

Tena ufundi wa kuyaweka maji mahali pake si mgeni katika mwambao huu. Kwenye magofu ya Husuni Kubwa, Kilwa Kisiwani, jengo la karne ya 14, bado lipo birika la pembe nane. Jengo kama hilo halisimami bila mtu aliyejua jinsi ya kuyazuia maji yasitoroke. Majina ya masultani wa Kilwa tunayo. Ya waashi wale hatunayo.

Sasa nirudi kwenye malipo. Mafundi bomba wetu hulipwa kwa pointi: sinki pointi moja, bafu pointi moja, koki ya uani pointi moja. Utaratibu huo unafaa nyumba inapojengwa. Kwenye kutafuta mvujo unamdhulumu fundi mzuri na kumneemesha mbaya, kwani saa nne za kufikiri hazina pointi, na vigae vinne vilivyovunjwa bure vinaonekana kama kazi. Anayevunja sana hutoza sana. Anayevunja kigae kimoja huulizwa kwa nini anadai fedha yote hiyo kwa kigae kimoja. Matokeo yake ni kwamba vijana wanajifunza kuvunja. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, inafundisha ufundi bomba, na ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti waliojifunzia kazini kama mzee yule. Hilo ni jema, lakini soko ndilo linalomwambia fundi kila siku nini kina thamani, na soko ni sisi.

Basi ukimwita fundi wa kutafuta mvujo, patana naye malipo ya kutafuta na malipo ya kuziba, kila moja peke yake, kabla hajafungua mfuko wa spana. Akiomba kiti, mpe, na watu wa nyumbani wamwache. Nawe unayejenga sasa hivi, usikubali plasta ipigwe kabla hujapiga picha kila ukuta wenye mabomba, futi ikiwa imenyooshwa kando yake, vipimo vikisomeka. Weka koki ya peke yake kwa kila bafu na kwa jiko. Zitunze picha hizo pamoja na hati ya nyumba, maana atakayezihitaji huenda ni mjukuu wako.