Namna John Barry Alivyoinyamazisha Maxim

Usiku wa kuamkia Januari 8, 1901, ukungu mzito ulitanda Monument Hill, kilima cha mji mdogo wa Belfast katika Transvaal, Afrika Kusini. Ilikuwa vita ya Waingereza na Makaburu: Waingereza walikuwa wakilinda reli ya kutoka Pretoria hadi Lourenço Marques, Maputo ya leo, na Makaburu wakavivamia vituo vyake kadhaa kwa mkupuo mmoja. Kilimani walikuwapo askari wa Royal Irish Regiment na bunduki yao ya rashasha aina ya Maxim.

Maxim ilitisha pale mpigaji alipoona mbali. Huko Mahenge, Agosti 1905, wapiganaji wa Maji Maji walifyekwa na bombomu za Wajerumani kwa sababu walilazimika kuvuka uwanda mchana kweupe. Ndani ya ukungu, adui akishafika hatua chache tu, nguvu hiyo haipo tena. Inabaki hatari ya bunduki kutekwa na kuwageukia wenyewe.

Barry, askari wa kawaida kutoka Ireland, alikuwa amezingirwa na kutishwa na Makaburu. Taarifa ya nishani yake, Victoria Cross, inasema aliponda sehemu ya nyuma ya bunduki, na akauawa katika kitendo hicho. Kwa nini hapo hasa?

Maxim hujiendesha kwa mlipuko wa risasi zake. Mtutu ukirudi nyuma, husukuma mtambo uliomo ndani ya sanduku la chuma. Mtambo huchomoa ganda tupu kutoka chemba na papo hapo kuvuta risasi mpya kutoka kwenye mkanda wenye risasi 250. Springi huurudisha mbele, risasi hulipuka, na kazi huanza upya, mara kama 600 kwa dakika. Toboa bomba la maji ya kupozea mtutu, bunduki bado itapiga kwa muda. Chana mkanda, mpigaji ataletewa mwingine. Hata kuuchomoa mtambo na kuutupa gizani hakutoshi, maana vikosi vilikuwa na mtambo wa akiba. Ukishaharibu nyumba ya mtambo, hata huo wa akiba hauna pa kukaa. Kwangu, ujuzi huu ndio kiini cha ushujaa wake: mtu mwenye sekunde chache za kuishi alijua pigo lake liangukie wapi.

Inauma kukumbuka kwamba Waairishi walikuwa pande zote mbili za vita ile. John MacBride alikuwa msaidizi wa kamanda wa kikosi cha Waairishi kilichowapigania Makaburu. Na ardhi iliyogombaniwa ilikuwa na wenyewe, Waafrika, ambao hakuna upande uliowapigania.

Kwa desturi ya wakati ule, aliyekufa akitenda ushujaa hakupewa Victoria Cross. Vita hii ndiyo iliyolegeza desturi hiyo: Agosti 8, 1902 yalitangazwa majina ya marehemu sita ambao ndugu zao wangepokea nishani, na la Barry likiwamo.