Istilahi za Nyama ya Kuoteshwa

Mwezi Agosti 2013, mjini London, Profesa Mark Post wa Chuo Kikuu cha Maastricht alionyesha baga iliyotokana na seli za ng'ombe zilizooteshwa nje ya mwili wa mnyama. Iligharimu takriban yuro 250,000. Singapuri iliruhusu nyama ya namna hiyo kuuzwa mwaka 2020, na Marekani mwaka 2023. Lakini bei ingali kikwazo. Kwa kuwa habari hizi zimekwisha kuingia katika tafsiri za Kiswahili, hatuna budi kuzipima istilahi zake.

Ya kwanza ni "nyama bandia". Hii haifai. Bandia ni kitu cha kuigiza, ilhali seli hizi ni za mnyama hasa. Ofisa atakayeandika kanuni za lebo kwa neno hilo atakuwa ametoa hukumu kabla ya kusikiliza shauri. Twapendekeza "nyama ya kuoteshwa", kwani maabara zetu huotesha bakteria tangu zamani.

Ya pili ni "ukuaji wa seli". Mtoto akikua huongezeka kimo, hawi watoto wawili. Kinachotafutwa hapa ni seli kugawanyika na kuwa nyingi: wingi wake katika kila lita ya kiowevu ndio upunguzao bei, si ukubwa wa kila moja. Basi tuseme "uzalianaji wa seli". Na hatua ya seli kugeuka kuwa msuli tuiite "upambanukaji".

Ya tatu ndiyo yenye madhara zaidi: "kichocheo cha ukuaji". Mwanafunzi wa kemia amefundishwa kuwa kichocheo huharakisha badiliko bila chenyewe kumalizika. Kumbe protini iitwayo FGF2 huharibika upesi katika joto la mwili, ikahitaji kuongezwa tena na tena. Hiyo ni sababu mojawapo kuu ya kiowevu kuwa ghali. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tufts, Marekani, walieleza seli za ng'ombe zilizobadilishwa ili zijitengenezee protini hiyo. Msomaji aliyeshika maana ya "kichocheo" hataona faida ya kazi hiyo. Twapendekeza "protini chagizi", kwa kuwa mwenye kuchagiza hurudia.

Twawaomba walimu na wafasiri wazijaribu istilahi hizi katika kazi zao, na watuletee hoja kabla hazijasanifiwa.