Kishikwambi chako kinajua ulipo, lakini hakijui njia

Chukua kishikwambi chako. Zima data, zima waifai, toka nje usimame mahali anga linapoonekana vizuri. Fungua programu yoyote inayoonyesha latitudo na longitudo, halafu tulia. Kama kina chipu ya GPS ndani, baada ya muda kitakupa namba mbili. Ukiwa Kasulu mjini zitakuwa karibu na 4.6 kusini na 30.1 mashariki. Ukiwa Kibondo, karibu na 3.6 kusini na 30.7 mashariki. Hujatumia bando, hujatuma ujumbe popote, wala hakuna mnara wa simu uliohusika.

Naanza na jaribio hili kwa sababu nilipokuwa nazunguka vijiji vya wilaya hizi mbili kukusanya data za chemchemi, nilisikia sana kauli mbili. Ya kwanza: "Huku hakuna mtandao, GPS haitashika." Ya pili ni ya kwetu sisi tunaotoka chuoni: "Ukiwa na GPS hupotei." Zote mbili si kweli, na ya pili ndiyo inayoumiza zaidi. Kwa hiyo leo tukipime kifaa hiki kama tunavyopima chombo chochote cha maabara: kazi gani kinaiweza, gani kinaiweza nusu, na ipi kisipewe kabisa.

Kazi kinayoiweza

Setilaiti za GPS zinazunguka dunia kwenye kimo cha kama kilomita 20,200. Kila moja inatangaza mambo mawili: saa yake na mahali ilipo. Kishikwambi chako kinasikiliza tu, kama redio. Kinapima ishara imechelewa kiasi gani, na kwa sababu mwendo wa ishara unajulikana, kinapata umbali. Kinahitaji setilaiti nne: tatu kwa ajili ya mahali, ya nne kwa ajili ya kurekebisha saa ya kishikwambi chenyewe, maana hiyo ni ya bei rahisi. Ishara inakwenda sentimita 30 kwa nanosekunde moja. Saa ikikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, tayari umeshakosea mita 300.

Hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa inaivuruga kwa makusudi ishara inayotumiwa na raia. Siku hizi kishikwambi cha kawaida, chini ya anga la wazi, kinakosea kama mita 5. Kwa mtu anayetafuta kijiji, chemchemi au kambi aliyoiacha asubuhi, mita 5 ni sawa na kufika.

Sasa, mbona watu wanasema haishiki? Ishara ya setilaiti inaleta data taratibu mno, biti 50 kwa sekunde. Setilaiti moja inahitaji nusu dakika kueleza njia yake yenyewe angani, na orodha nzima ya setilaiti zote inachukua dakika 12 na nusu. Ukiwa na intaneti, kishikwambi kinapakua habari hizo kwa sekunde chache. Ukiwa huna, na kilikuwa kimezimwa wiki mbili, lazima usimame usubiri. Siku ya kwanza nikitoka Kasulu nilisubiri dakika nne, dereva wa bodaboda amekaa juu ya pikipiki ananitazama tu. Wengi husubiri nusu dakika, wakakata tamaa, wakaulaumu mnara.

Mfano mzuri uko hapahapa mkoani Kigoma. Taasisi ya Jane Goodall imefanya kazi na walinzi wa misitu wa vijiji wanaobeba simu na vishikwambi vya Android. Mlinzi akikuta tanuri la mkaa au mti uliokatwa, anajaza fomu na kifaa kinaweka mahali. Tanuri la mkaa likihama mita 5 kwenye ramani, hakuna anayeumia.

Kazi kinayoiweza nusu

Ilikuwa mwishoni mwa Machi, mvua bado zinanyesha. Nilikuwa naelekea chemchemi moja mashariki ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo. Ramani niliyoipakua nikiwa Kigoma mjini ilionyesha njia inayokata bonde, kama kilomita 3 hivi. Kuzunguka ilikuwa 11. Nikamwonyesha dereva skrini.

"Mtaalamu, hiyo njia ni ya kiangazi," akasema.

"Ipo hapa, kaka. Twende tu."

Akanitazama, akawasha pikipiki.

Bondeni tulikuta mafunjo na maji. Tulianza kuisukuma pikipiki maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Yakafika magotini, injini ikazima. Ilituchukua zaidi ya saa mbili kuirudisha nchi kavu na kukausha plagi. Siku ile yule kijana hakupata abiria mwingine. Nilimlipa ya siku nzima, na ilikuwa haki yake. Ninachokikumbuka zaidi ni kwamba muda wote tulipokuwa majini, kidoti cha bluu kilikuwa juu ya mstari wa njia, sawasawa kabisa. GPS haikukosea hata kidogo.

Iliyokosea ni ramani. Chipu inajua ulipo. Ramani ni habari za mtu mwingine aliyepita kabla yako, au ambaye hajawahi kupita. Njia nyingi za vijijini kwenye ramani za bure huchorwa na watu walioketi mbali wakifuata picha za setilaiti. Na picha safi, isiyo na mawingu, kwa nchi kama ya Buha hupatikana zaidi kiangazi. Kwa hiyo mchoraji anaona njia nyeupe inakata bonde kavu, naye anaichora kwa uaminifu kabisa. Masika hayamo kwenye picha.

Linganisha na mradi wa Ramani Huria ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015. Wanafunzi na wakazi walitembea mitaani kwa miguu wakichora mifereji na sehemu zinazofurika. Ramani ya namna hiyo inajua maji yanapopita, kwa sababu aliyeichora anaishi nayo.

Kuna mtego wa pili, huu ni wa wasomi. Ukichukua namba za mahali kutoka kwenye ramani za karatasi za zamani, zile za kipimo cha 1:50,000, kumbuka kwamba zilichorwa kwa mfumo wa upimaji uitwao Arc 1960. Kishikwambi kinatumia WGS84. Namba zilezile, mahali tofauti: hapa kwetu tofauti inafika kama mita 300. Mimi nilitafuta chemchemi nikajikuta katikati ya shamba la mihogo, mama mwenye shamba ananiuliza nimepoteza nini.

Tena ukitumia gridi ya UTM, angalia kanda. Mstari unaotenga kanda ya 35 na ya 36 ni longitudo 30. Kigoma mjini iko magharibi yake, Kasulu iko mashariki yake kidogo tu. Ukihama kutoka mji mmoja kwenda mwingine bila kubadili kanda unapoingiza namba, skrini inaweza kukuweka zaidi ya kilomita 600 kutoka unakotaka.

Kazi kisiyopaswa kupewa

Baada ya Sensa ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumika kuhesabia watu viligawiwa walimu. Ni jambo jema. Lakini limezaa na tabia mpya: kijijini kukiwa na mgogoro wa mpaka, kuna mtu atasema, "Mwalimu ana kishikwambi, aje apime."

Nililishuhudia hilo katika kijiji kimoja cha Kibondo. Majirani wawili, mmoja wao mama mjane, walikuwa wanabishania kipande chenye upana wa mita 4 na urefu wa kama mita 90. Ni karibu sehemu moja ya kumi na moja ya ekari. Kwa mwenye ekari moja na nusu si kidogo. Mwalimu alikuja kwa nia njema. Akatembea mpaka huku programu ikichora mstari. Mstari ukampa jirani. Watu wakaanza kuondoka.

Nilimwomba, kwa heshima, arudie baada ya saa moja. Akarudia, palepale, kwa hatua zilezile. Safari hii mstari ukampa mama.

Hakuna aliyedanganya. Kosa la mita 5 ni kubwa kuliko mita 4 zinazogombewa, na pembeni mwa shamba kulikuwa na mikaratusi, ambayo huifanya ishara iwe mbaya zaidi. Angalia pia hili: ukirudia papo hapo, namba zitafanana na utadhani umethibitisha. Makosa ya GPS hubadilika polepole, kadiri setilaiti zinavyohama angani. Ndiyo maana niliomba saa moja.

Hapa ndipo lawama yangu kubwa ilipo, na si kwa chipu wala kwa mwalimu. Ni kwa namna skrini inavyozungumza. Programu ile ilikuwa inaandika tarakimu sita baada ya nukta. Tarakimu ya sita ni sentimita 11. Ya tano ni kama mita moja. Ya nne ni kama mita 11. Maana yake, chipu ya mita 5 inaishiwa na uhakika mara tu baada ya tarakimu ya nne. Zilizobaki ni mapambo. Mjane haambiwi hivyo. Anaona namba ndefu, anaona mstari mwembamba, anaamini mashine imesema.

Mtu atauliza: mbona Iringa simu zilitumika kupima ardhi ya vijiji kwa ajili ya hatimiliki za kimila? Ni kweli, mradi uliitwa MAST. Lakini pale vijana wa kijiji walifunzwa kwanza, majirani walitembea mpaka pamoja, na kamati ya kijiji ilishuhudia. Makubaliano ya watu ndiyo yaliyobeba mpaka, kifaa kiliyaandika. Kibondo tulitaka kifaa kitoe hukumu.

Wazee waliokuwapo ndio waliookoa siku. Walitafuta mabaki ya mstari wa minyaa iliyopandwa zamani, wakapata visiki vitatu. Shauri likapelekwa Baraza la Ardhi la Kijiji, mahali ambapo lilipaswa kuanzia.

Kwa hiyo, ununue?

Kama unasafiri au unafanya kazi porini, ndiyo, lakini uliza kwanza kama kina GPS. iPad ya waifai peke yake haina. Inayoingia laini ya simu inayo. Visivyo na chipu hukisia mahali kwa kutumia waifai za jirani, na kwenye vilima vya Kasulu hakuna waifai za jirani.

Ukilinganisha na simu, kishikwambi ni kizito, jua la saa sita linaiua skrini, na matone ya mvua yanaibonyeza ovyo. Betri ni kubwa, lakini skrini inaila. Washa kurekodi njia kisha zima skrini. Faida yake ya kweli ni ukubwa. Watu watatu wanaweza kuitazama ramani pamoja, na mzee anaweza kuweka kidole akasema, "Hapa pana mto."

Mimi sasa nafanya hivyo kabla ya kuondoka, si baada ya kukwama. Namwonyesha dereva, nauliza njia ipi ni ya kiangazi, naandika. Ile njia ya bondeni nimeshaiwekea alama kwenye OpenStreetMap kwamba hupitika kiangazi tu. Kama unaishi Kibondo, Kasulu au popote penye mabonde, unazijua njia za namna hiyo nyingi kuliko mimi. Rekodi moja wiki hii, andika na mwezi uliopita.