Ndangoya na Asiye na Ukoo

Kitabu chenyewe si kipya. Kilitoka mwaka 1978, kwa Kiingereza, kinaitwa Christianity Rediscovered, na mwandishi wake ni Padri Vincent Donovan. Nilikiazima kwa rafiki yangu aliyepitia seminari. Akaniambia: "Soma, halafu uniambie huyu mzungu ni mtakatifu au ni mkorofi tu." Nimekisoma mara mbili. Jibu langu ni hili: ni kiongozi aliyejua kusikiliza, lakini kuna watu amewapita njiani bila kuwaamkia. Na watu hao ni wa kwetu huku Morogoro.

Kwanza nimpe haki yake. Donovan alikuwa Mmarekani, padri wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mwaka 1966, akiwa Loliondo kwa Wamasai, alimwandikia askofu wake barua. Misheni ilikuwa na shule, ilikuwa na hospitali, na bado kwa hesabu yake hapakuwa na Mmasai mtu mzima aliyeushika Ukristo. Akaomba ruhusa aachane na mipango yote hiyo, aende kwenye maboma akaongee na watu habari za Mungu. Basi, hilo tu.

Akaenda. Sura inayonigusa zaidi ni ile ya mzee Ndangoya. Baada ya mafundisho ya muda mrefu, padri anafika bomani kuamua nani abatizwe na nani asubiri. Huyu alikosa vipindi, yule hakuelewa, mama yule imani yake ndogo. Ndangoya anamkatiza kwa adabu zote za kizee. Anamuuliza kwa nini anataka kuwagawa. Anakiri kwamba wavivu wamo, na wazito wa kuelewa wamo, lakini wamesaidiwa na wenzao wenye bidii na wepesi. Kisha anajibu kwa niaba ya boma zima: tunaamini. Padri ananyamaza. Anabatiza wote.

Ndugu msomaji, hapo ndipo penye utamu wa kitabu. Katika vitabu vingi vya wamisheni, mwenyeji yupo ili afundishwe. Hapa mwenyeji anafundisha, na mwandishi hajifichi aibu yake. Wala Donovan hakuinamia kila desturi. Wanaume hawakuwa wakila pamoja na wanawake, na yeye hakukubali utengano huo uingie kwenye meza ya Bwana. Alijua, basi, kwamba hata ndani ya ile "sisi" ya mzee kuna watu wamekaa pembeni.

Sasa ugomvi wangu. Mwanzoni mwa kitabu Donovan anarudi Bagamoyo, walikofikia mapadri wa shirika lake mwaka 1868, wakawa wananunua watumwa na kuwakusanya katika kijiji cha Wakristo. Haoni huko mfano wa kufuata. Kwake, Injili ipelekwe kwa watu walio watu tayari, wenye ukoo, wazee na lugha yao, wajibu kwa pamoja.

Sawa. Lakini asiye na ukoo atajibiwa na nani?

Swali hili kwetu si la darasani. Kutoka Bagamoyo mapadri walipanda bara: Mhonda mwaka 1877, kisha Morogoro, chini ya Uluguru, mwanzoni mwa miaka ya 1880. Walikuja na familia za watumwa waliokombolewa. Ndio waliokuwa Wakristo wa kwanza huku: watu waliokatwa kwao, wasio na Ndangoya wa kuwasemea. Na mji wenyewe? Kisabengo, Mzigua aliyejenga ngome yake hapa, alikusanya watoro na wakimbizi. Binti yake, Simbamwene, ndiye aliyekuwa akitawala Stanley alipopita mwaka 1871. Kwa hiyo mji huu ulianza na watu wa pembeni, na kanisa lake vilevile.

Sisemi vile vijiji vilikuwa pepo. Waliokombolewa walilimishwa kwa ratiba ya mapadri, na wapo waliotoroka. Kumnunua mtu kisha kumpangia maisha si kumheshimu. Ila kosa la kuwatawala wasio na ukoo haliponywi kwa kuwaacha na kwenda kwa wenye ukoo.

Bibi yangu mzaa mama, kule milimani, alikuwa akitukumbusha kwamba Mluguru ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ni ya ukoo. Mtu hakosi pa kuzikwa. Ni raha kubwa hiyo. Lakini nilishaona, katika parokia moja nisiyoitaja, binti wa kwaya aliyepata mimba akiambiwa akakae benchi la nyuma. Wazee walikuwepo, ukoo wake ulikuwepo, na wote walisema "sisi tumeamua". Hakuna aliyesema kama Ndangoya kwamba mwenye udhaifu amebebwa na wenzake. Wingi ule ule unaweza kumbeba mtu, na unaweza kumtupa.

Wingi huo unaweza hata kuua. Desemba 2000, Rudewa Mbuyuni wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika mapigano ya wakulima na wafugaji. Kila upande ulikuwa na "sisi" yake. Donovan anaeleza jinsi Wamasai wake walivyopokezana majani mabichi, ishara ya amani, kabla ya Misa. Mmoja akiyakataa, Misa haikuwepo siku hiyo. Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikawaza: majani hayo nani atayavusha kutoka bomani hadi kwenye shamba la mpunga? KKKT Dayosisi ya Morogoro imepata kuongozwa na askofu Mmasai, Jacob Mameo Ole Paulo, katika mkoa ambao jina Mmasai kwa mkulima laweza kuwa tusi. Hilo halimalizi ugomvi, lakini linamlazimu mkulima kupokea baraka kutoka mkono aliozoea kuuogopa.

Hukumu yangu, basi. Kitabu kisomwe, hasa na vijana wanaojiandaa kuongoza makanisa. Kitawafundisha kunyamaza mzee anaposema. Ila wakikifunga, wageuke watazame nani hakuletwa kwenye kikao, nani hana mzee wa kumsemea. Kiongozi anayependa mila za watu akawasahau wasio na mila ya kuwalinda amefanya nusu ya kazi.

Kwa rafiki yangu: mzungu wako si mkorofi. Ila angepita Mhonda kwanza.