Dhambi Isiyo na Mtendewa: Uhakiki wa Ushuhuda wa Wokovu Katika Muktadha wa Rubavu, Rwanda

Ushuhuda wa wokovu ni utanzu simulizi ulioenea sana Afrika Mashariki, lakini kwa kawaida huchukuliwa kuwa tendo la ibada tu, si simulizi yenye muundo wake. Muundo huo unafahamika: msimulizi alikuwa gizani, akaguswa moyo, akatubu, akasafishwa kwa damu ya Kristo, na sasa anaenenda nuruni. Makala haya yanauhakiki muundo huo kutokea Gisenyi, mji wa wilaya ya Rubavu unaopakana na Goma. Hapa Kiswahili ni lugha ya soko, ya mpaka na ya mahubiri, na maneno dhambi, mateso na msamaha hayatamkwi bila kugusa makaburi. Hoja kuu ni kwamba utanzu huu humpa mkosaji nafasi yote ya kusimulia, huku aliyekosewa akiachwa nje ya hadithi.

Chimbuko la ushuhuda wa aina hii nchini Rwanda ni Gahini, mashariki mwa nchi, katika misheni ya Kianglikana. Uamsho wa miaka ya 1930, unaohusishwa na Joe Church na Blasio Kigozi, ulienea kutoka huko hadi Uganda, Kenya na Tanganyika. Haki inadai isemwe kwamba waamini wa mwanzo walitubu hadharani, wakataja walichoiba na kukirudisha kwa mwenyewe. Toba yao ilikuwa na mtu wa kuelekezwa kwake. Kadiri ushuhuda ulivyorudiwa kizazi hadi kizazi, ndivyo ulivyoelekea kuwa kaida: "nilikuwa mwenye dhambi." Sarufi yenyewe inafichua pengo hilo. Kitenzi "nimekosa" hakidai yambwa, "nimemkosea" kinadai. Tofauti ya kiambishi kimoja cha yambwa na kauli ya kutendea ndiyo tofauti kati ya toba ya jumla na toba yenye ukweli.

Tatizo hili lina uzito zaidi katika Kinyarwanda, ambamo neno "icyaha" hubeba maana ya dhambi na ya jinai kwa pamoja, wakati Kiswahili huzitenganisha. Muungano huo una faida: muuaji hawezi kudai kwamba jinai yake ni jambo la serikali tu lisilomhusu Mungu. Una hatari pia: msamaha uliotangazwa madhabahuni unaweza kusikika kana kwamba umefunga na faili la mahakama. Mahakama za gacaca, zilizofanya kazi kuanzia 2002 hadi zilipofungwa mwaka 2012, zilikataa mkato huo. Sheria ya mwaka 2004 ilimtaka anayeungama aeleze alichotenda, wapi na lini, awataje waliouawa na walioshirikiana naye, aonyeshe miili ilikotupwa, kisha aombe radhi hadharani. Ni ajabu kwamba baraza lililoketi nyasini lilidai ungamo kamili kuliko mimbari nyingi.

Upande wa pili ni mateso. Yapo mahubiri yanayofundisha kwamba kila ateswaye analipa dhambi yake. Fundisho hilo likipelekwa Nyundo, humohumo Rubavu, linaporomoka. Mwezi Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, waliokimbilia kwenye makao ya jimbo hilo la Kikatoliki waliuawa, mapadri wakiwa miongoni mwao. Kuwatafutia dhambi iliyowastahilisha kifo hicho ni kuwaua mara ya pili. Maandiko yenyewe yanapinga: rafiki za Ayubu wanakemewa kwa hoja hiyohiyo, na katika sura ya tisa ya Yohana Yesu anakataa kuhusisha upofu wa mtu na dhambi yake wala ya wazazi wake.

Je, hoja hii inapunguza kazi ya Kristo? La, inaipanua. Katika Injili ya Luka, wokovu unatangazwa nyumbani mwa Zakayo baada ya yeye kuahidi kuwarudishia mara nne aliowadhulumu. Neema haikufuta deni, ilimpa moyo wa kulilipa. Naye Tomaso anaonyeshwa mwili uliofufuka ukiwa bado na makovu. Ufufuo haukuyafuta. Msalaba, basi, unabeba hatia ya mkosaji na pia jeraha la aliyekosewa. Ushuhuda unaotaja la kwanza pekee unasimulia nusu ya Injili.

Kwa mhakiki, kipimo kinachotokana na hoja hii ni chepesi kukitaja na kizito kukitimiza: ndani ya ushuhuda, yambwa ni nani? Kama hayupo, simulizi haijakamilika, hata kanisa zima likiitikia "Amina". Manusura halazimiki kusamehe ili hadithi ya mwingine ipate mwisho mwema. Anachostahili kwanza ni kutajwa, na kuelezwa mahali walipo wafu wake.