Khankala 2002: Helikopta ya Mizigo Iliyojazwa Watu

Agosti 19, 2002, helikopta ya jeshi la Urusi aina ya Mi-26 iliondoka Mozdok kwenda kambi kuu ya Khankala, nje kidogo ya Grozny, Chechnya. Ilibeba zaidi ya watu 140, wengi wao wanajeshi. Ikikaribia kutua, kombora la begani aina ya Igla liliipiga kwenye injini, ikaangukia kwenye mabomu yaliyofukiwa ardhini kuilinda kambi hiyohiyo. Walikufa watu 127. Hakuna ajali ya helikopta iliyowahi kuua wengi kiasi hicho.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba ilizidishiwa uzito. Tupige hesabu. Mi-26 hubeba tani 20. Mpe kila abiria kilo 100 pamoja na begi na bunduki yake: watu 140 ni tani 14. Kilichopita kiwango ni idadi ya vichwa, kwa kuwa chombo hicho kimepangiwa askari 80 na ushei.

Sasa tazama ndani. Chumba cha shehena kina urefu wa mita 12 hivi na upana wa mita 3 na kidogo. Hapo kila mita ya mraba inabeba watu wanaokaribia wanne, mabegi yakiwa miguuni. Mlango mkubwa uko nyuma. Matangi ya mafuta yamelala chini ya sakafu, chini ya nyayo za abiria. Shehena haihitaji njia ya kutokea; binadamu anaihitaji, na anaihitaji ndani ya sekunde chache. Rubani mkuu alinusurika, jambo linaloonyesha kwamba kishindo peke yake hakikutosha kuua umati ule. Moto uliwakuta wamebanana.

Barabara za Chechnya zilikuwa na mashambulizi ya kuvizia, hivyo naelewa kwa nini makamanda walipendelea anga. Lakini Wizara ya Ulinzi ilishapiga marufuku tangu 1997 kusafirisha watu kwa Mi-26, na waziri Sergei Ivanov mwenyewe aliikumbusha amri hiyo baada ya msiba.

Mrushaji wa kombora alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004, na alistahili. Ila kombora lilipiga injini tu. Vifo vingi vya siku ile nawadai walioruhusu abiria wapakiwe Mozdok, huku amri ya kuwakataza ikiwa na miaka mitano.