Mizani ya Nane: Umbo la Ibara ya 15 ya Mkataba wa Buganda

Mkataba wa Buganda uliotiwa saini Machi 1900, baina ya Harry Johnston, mjumbe wa Uingereza, na walezi waliotawala kwa niaba ya Kabaka (mfalme wa Buganda) Daudi Chwa, aliyekuwa bado mtoto, husomwa zaidi kama hati ya kisiasa kuliko kama utungo. Lakini katika ibara ya 15 nathari ya kisheria inakatika, ikipisha orodha ya wapokeaji na maili zao za mraba, hadi jumla itimie 19,600.

Tukiacha maili 350 za Kabaka na nyingine chache, hesabu za wakubwa zinatembea kwa nane. Kila mwanamfalme nane, Namasole, mama wa Kabaka, 16, Mbogo, chifu wa Waislamu, 24. Kisha machifu na wamiliki 1,000 wasiotajwa majina wanagawiwa 8,000 kwa pamoja, yaani wastani wa nane tena. Ni urari unaomkumbusha msomaji mizani ya kipande cha shairi, na athari yake ni ileile: kinachorudiwa huonekana kana kwamba kilikuwapo tangu zamani.

Ustadi mkubwa zaidi umo katika kugawa mara mbili. Chifu wa saza (kaunti) anapata maili nane kuwa mali yake, na nane nyingine zinazofungamana na cheo. Awali, ardhi ya chifu ilifuata cheo: Kabaka akimvua, mashamba na watu waliomo walipata bwana mwingine. Sasa tarakimu moja, kwa kuandikwa mara mbili tu, inatenganisha mamlaka na umilikaji, wala hakuna sentensi iliyolazimika kuitetea hatua hiyo. (Hoja ingezua ubishi, jedwali halibishani.)

Nchi yenyewe ilikuwa haijapimwa. Kwa hiyo utungo unajikinga: vipimo vikipunguka, upungufu utakatwa katika fungu la Serikali ya Uingereza, si katika maili za wakubwa. Mipaka ya maili hizo haitajwi, mkulima aliyekuwa akilima humo hana mstari wake, na bataka, wakuu wa koo wenye makaburi ya koo zao humo, hawatambuliwi kwa haki hiyo. Katika hesabu iliyokwisha kutimia, hapakubaki pa kuwaweka.

Mkulima aliingia kwenye maandishi ya sheria baadaye, kwa sheria ya Busuulu na Envujjo ya 1928, iliyowawekea wenye mailo, yaani ardhi iliyogawiwa kwa maili hizo, kikomo cha kodi na ushuru wa mazao.